Mjomba hakurogwa, tulimficha daktari ukweli

Jumapili kwenye kikao cha familia pale Kaptembwo, Nakuru, mzee mmoja alisimama akatangaza kwamba mjomba amerogwa. Mtu ameingia kwa upasuaji akitembea mwenyewe, baipasi ya moyo, yaani damu kutengenezewa njia ya kukwepa mishipa iliyoziba, imeenda vizuri, halafu anaamka mkono wa kulia umelala na maneno hayatoki. Kama si jirani wa lile shamba la Njoro, ni nani? Watu wakaitikia kwa vichwa. Hata waliosoma!

Miezi kabla ya upasuaji, mjomba aliponyokwa na kikombe cha chai asubuhi. Mdomo ukaenda upande. Alitaka kuomba sukari, ikatoka sauti tu. Muda si muda akawa sawa, akaitisha mandazi, tukacheka. Shangazi akasema ni presha. Ikarudi tena siku nyingine, ikaitwa presha tena. Halafu, na hapa ndipo napandwa na mori, siku ya kuonana na daktari wa upasuaji binamu akatuonya tusilitaje hilo jambo, wasije wakaahirisha na harambee ishafanywa.

Kile kilikuwa kiharusi cha kupita. Mafuta yaliyoziba mishipa ya moyo hayana heshima ya kuishia kifuani. Mafuta kama hayo huganda pia kwenye ile mishipa miwili ya shingoni inayopeleka damu kwa ubongo. Mtu ambaye ubongo wake umeshapiga kelele namna hiyo anaingia kwenye baipasi na hatari kubwa kuliko wengine, na daktari akijua anaweza kuamua shingo ishughulikiwe kwanza, au vyote pamoja. Asipojua ataamua nini? Mjomba alipopigwa altrasaundi baadaye, mshipa wa kushoto ulikuwa umebana vibaya. Kushoto ndiko kunakolisha sehemu ya ubongo inayoongoza mkono wa kulia, na kwa watu wengi maneno pia. Mchawi wa Njoro anajua anatomia, aki.

Na ni kipimo cha kupakwa jeli shingoni! Hakuna sindano, hakuna kisu. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa 2011 uliwataja wa kupimwa kabla ya baipasi: waliopita miaka 65, wenye sukari, presha, wavutaji, waliowahi kupata kiharusi hata cha kupita. Mjomba ni mstaafu wa reli mwenye sukari na presha, na sigara alianza kabla hajaoa. Hospitali nayo ingeuliza, sikatai. Mambo ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, tuyaache, nataka kulala leo.

Haya, nikubali kidogo: viharusi vingi vya baada ya baipasi havitoki shingoni. Uchafu hung'oka kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni daktari anapoubana wakati wa upasuaji, au moyo unadunda ovyo siku zinazofuata na damu inaganda. Kusafisha mshipa wa shingo nako kunaweza kuleta kiharusi chenyewe, ndiyo maana asiye na dalili mara nyingi huachwa alivyo. Lakini mjomba alikuwa na dalili. Tulizinywea chai.

Sasa kamati inataka salio la mchango likodishe tenti na viti vya ibada ya shukrani, na kuna aliyetaja nauli ya mganga. Mazoezi ya ule mkono yanalipiwa kila kikao. Mweka hazina, najua unasoma hapa.