Kitako cha nguzo huharibikia kwenye mikanda

Ukitaka kujua kama fundi anaielewa nguzo ya Kigiriki, usianze na kichwa chake chenye nakshi. Angalia kitako. Kitako cha Kiatiki, yaani cha mtindo wa Attica, eneo la Athens, kina mikunjo mitatu tu: torasi nene ya chini iliyotuna, skotia iliyobonyea, na torasi nyembamba ya juu. Kwangu mimi hakuna umbo la mviringo lililofikiriwa vizuri kuliko hili, na naumia kuona linavyovurugwa.

Vipimo alivieleza Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi wa kale. Chukua nguzo yenye kipenyo cha sentimita 60. Kimo cha kitako chote ni nusu yake, yaani 30. Jiwe la mraba la chini kabisa huchukua 10. Zinabaki 20: robo yake, 5, ni ya torasi ya juu, 15 zilizosalia gawa sawa kwa sawa, 7.5 za torasi ya chini na 7.5 za skotia pamoja na mikanda yake. Wagiriki waliojenga hekalu la Erechtheion kule Athens, mwishoni mwa karne ya 5 KK, hata hilo jiwe la mraba hawakuliweka.

Mikanda hiyo ndiyo roho ya kazi. Ni kingo bapa nyembamba, moja juu ya skotia na nyingine chini yake. Jua likipiga, torasi hung'aa juu na kufifia taratibu kuelekea chini, skotia hujaa kivuli, na mkanda huchora mstari mkali kati yao. Ukiuondoa, kitako kinakuwa kama matairi yaliyopangwa.

Skotia nayo isichorwe nusu duara. Tumia matao mawili, la juu dogo na la chini kubwa, vitovu vyote viwili vikiwa kwenye mstari mmoja na mahali yanapokutana. Hapo hakutakuwa na kona, na mdomo wa chini utatokeza zaidi. Bonde lisishuke chini ya usawa wa mdomo huo, la sivyo maji ya mvua yatatuama humo.

Kwa kitako cha jasi, kiolezo cha bati la zinki huzungushwa kwenye pini ya katikati. Kwa tabaka la kwanza, nenepesha ukingo wake milimita 5 hivi, kisha ondoa unene huo ili ibaki nafasi ya tabaka la mwisho. Jasi huvimba kidogo inapoganda. Ukikosa nafasi hiyo, bati litakwama kwenye tabaka la mwisho, na kitakachochanika kwanza ni mikanda.