Uanachama wa wakutubi ukifunguliwa, nani atamlinda mkutubi?

Rasimu ya katiba ya chama inayojadiliwa na wakutubi, yaani wataalamu wa maktaba, wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania ina vifungu vingi, lakini ugomvi uko kwenye kimoja: nani awe mwanachama. Katiba ya sasa inamtaka aliyesomea ukutubi, awe na cheti, stashahada au shahada. Rasimu inasema yeyote anayehudumia maktaba au kupenda kuiendeleza ajiunge, alipe ada, apige kura na kugombea uongozi. Wanaokipinga kifungu hicho wameshaitwa wachoyo wanaong'ang'ania viti. Naona hawajatendewa haki.

Wanaotaka kufungua wana hoja nzito. Kuanzia Mafinga hadi Tunduma, mwenye ufunguo wa maktaba ya sekondari mara nyingi ni mwalimu wa Kiswahili au Historia, aliyekabidhiwa kabati la vitabu juu ya vipindi vyake vyote. Anaazimisha saa ya mapumziko, anaandika majina kwenye daftari la kawaida, na kitabu kisiporudi anaulizwa yeye. Hana pa kupata ushauri. Chama kinachomwacha nje kinabaki cha wachache, na ada za wachache haziendeshi chama. Hapo sibishi.

Sasa tutazame kinachofuata. Mhasibu ana bodi ya taifa ya wahasibu, NBAA, mhandisi ana bodi ya kumsajili, muuguzi ana baraza lake. Mkutubi ana cheti chake, pengine cha chuo cha ukutubi cha Bagamoyo, na ana chama. Basi. Kesho mkuu wa shule akiwa na bajeti finyu ataambiwa aombe nafasi ya mkutubi, naye atajibu: mwalimu wetu si ana kadi ya chama cha wakutubi? Wa nini mwingine? Wala hatakuwa na nia mbaya. Kadi ya mwalimu na ya yule aliyesota chuoni zitakuwa za aina moja, na chama chenyewe ndicho kitakuwa kimezitoa. Tutamwendea mkurugenzi wa halmashauri na hoja gani?

Na mwalimu mwenyewe atafaidi nini? Vipindi havitapungua, posho haitakuja, kabati litabaki mgongoni mwake, safari hii likiwa na kadi inayoonyesha kwamba hiyo ni kazi yake halali. Wanaoitwa wachoyo wameliona hili mapema kuliko wanaojiita watetezi wa walimu.

Kazi yenyewe pia haifanani na inavyodhaniwa. Ingia chumba cha vitabu ambacho hakijapitiwa na mkutubi: vimepangwa kwa urefu au kwa kidato. Mwanafunzi wa Iringa anayetafuta habari za vita vya Lugalo vya 1891, kati ya Wahehe na Wajerumani, lazima amsubiri mwenye ufunguo, tena anayekumbuka. Kwa mpangilio wa Dewey, unaoipa kila mada namba yake, kitabu hicho kinakaa 967.8 pamoja na historia nyingine ya Tanzania, na diwani ya mashairi ya Kiswahili inakaa 896.392. Mwalimu akihamishwa Njombe, vitabu vinaendelea kupatikana. Ujuzi huo watu huusomea.

Watetezi wa rasimu hutaja Marekani, ambako chama cha maktaba kilichoanzishwa 1876 hupokea yeyote mwenye nia na huduma za maktaba. Ni kweli. Ila chama hichohicho ndicho kinachoidhinisha shahada za uzamili za ukutubi, na waajiri wengi huzidai. Uingereza nako chama cha wakutubi kiliungana na kile cha wanasayansi wa habari mwaka 2002, lakini anayetaka hadhi kamili ya kitaaluma bado huwasilisha ushahidi wa kazi yake akapimwa. Wenzetu wamefungua geti la nje kwa kuwa la ndani lina mlinzi. Sisi tuna geti moja.

Kwa hiyo ningeunga mkono daraja la wanachama washiriki: walimu na wanaotunza vyumba vya kusomea vijijini na makanisani, kwa ada ndogo, kadi tofauti, uwakilishi kwenye kamati ya utendaji, na mafunzo ya kuainisha vitabu wakati shule zimefungwa. Kura kuhusu viwango vya taaluma ibaki kwa waliosomea. Wapo watakaosema hiyo ni dharau, na mwalimu aliyelinda vitabu miaka mingi bila msaada ana haki ya kukereka. Ndiyo maana kifungu kiseme wazi kwamba mshiriki akipata cheti anapanda daraja mara moja, bila kiingilio kipya. Wanaokataa hata hilo siwaungi mkono.

Mabadiliko yakipita ukumbini yatapelekwa kwa Msajili wa Jumuiya, na kuyarudisha nyuma kutahitaji kuanza upya. Wajumbe wadai kifungu cha uanachama kipigiwe kura peke yake, kabla ya rasimu nzima kuwekwa mezani kwa ndiyo au hapana.