Kanjogera na kesi ya mama wa mfalme

Desemba 1896, pale Rucunshu katikati ya Rwanda, Mwami, yaani mfalme, Mibambwe Rutarindwa aliona vita vimemshinda. Akaingia ndani na mkewe na wanawe, nyumba ikashika moto, wakafia humo. Inasimuliwa kwamba hata Karinga, ngoma ya enzi, iliteketea pamoja nao. Waliomzingira hawakutoka nchi nyingine. Walikuwa watu wa Kanjogera, mjane wa baba yake, mwanamke ambaye kwa mila ya ufalme ndiye aliyekuwa mama yake. Kitini akakalishwa Musinga, mwana wa kumzaa wa Kanjogera, kijana wa miaka kama 13, na mama mtu akaishika nchi.

Kisa hiki kina kila kitu cha hadithi za paukwa pakawa: mwana wa mfalme aliyefiwa na mama, mama wa kambo, mtoto anayependelewa, moto. Ndiyo maana ni rahisi mno kukisimulia kama ngano, na ndiyo maana nakileta hapa. Kuna ubishi wa muda mrefu juu ya malkia na mama katika historia, maigizo na ngano. Wapo wanaosema malkia mwovu ni uzushi wa wanaume waliomwogopa mwanamke mwenye amri. Wapo wanaojibu kwamba hadithi hizo zinakumbuka jambo la kweli: ikulu nyingi zimemwagika damu kwa mikono ya akina mama waliotaka wana wao watawale. Mimi naona wa kwanza wana haki kuhusu namna hadithi zilivyotungwa, lakini wanapotea pale wanapomfutia malkia matendo yake.

Tuanze na haki yao, maana ushahidi wao ni mzito.

Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipochapisha ngano zao kwa mara ya kwanza mwaka 1812, malkia aliyetaka kumuua binti mwenye ngozi nyeupe kama theluji alikuwa mama yake mzazi. Ndiye aliyemtamani kabla hajazaliwa, na ndiye aliyemtuma mwindaji akamuue msituni. Katika toleo la 1819 mama mzazi anafariki mwanzoni mwa hadithi na mama wa kambo analetwa afanye ubaya ule ule. Hata ile ngano ya watoto wawili walioachwa mwituni kwa sababu ya njaa ilipita njia hiyo: mwanzoni ni mama yao, baadaye akageuzwa mama wa kambo. Tendo halikubadilika hata kidogo. Aliyebadilishwa ni mtendaji, ili mama mzazi abaki safi. Kwa hiyo sura ya mama wa kambo tuliyoizoea, angalau katika ngano hizi, ni kazi ya mhariri aliyekaa mezani na kalamu yake. Wanawake wengi waliolea watoto wasiowazaa, wakawalisha na kuwasomesha, wamelipishwa gharama ya uamuzi wa namna hiyo.

Jukwaani mambo si tofauti. Margaret wa Anjou, mke wa Henry VI wa Uingereza, anaonyeshwa na Shakespeare akiwa vitani Wakefield mwaka 1460. Anamvika adui yake, Mtawala wa York, taji la karatasi na kumpa kitambaa kilicholoa damu ya mwanawe ili ajifutie machozi. Ni tukio la kutisha ambalo mtazamaji halisahau. Ila Margaret hakuwepo Wakefield siku hiyo. Alikuwa Scotland akitafuta msaada. Tena, miezi michache tu kabla, mumewe alikuwa amekubali mapatano ya kumvua urithi mtoto wao wa pekee, Edward, na kumpa York na kizazi chake. Baba ametia saini, mama amekataa. Jukwaani, aliyekataa ndiye mnyama.

Kinachonigusa zaidi ni habari ya mke wa Macbeth. Wasomaji wa Kiswahili walimpata mapema, kupitia tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968. Katika tamthilia ni mwanamke anayesema amewahi kunyonyesha, lakini mtoto haonekani popote, na yuko tayari kumpasua mtoto huyo kichwa kuliko kuvunja kiapo. Mwanamke wa kweli aliitwa Gruoch. Mume wake wa kwanza alichomwa moto na watu wake 50 mwaka 1032. Alikuwa na mwana, Lulach, na huyo Lulach ndiye aliyekalia kiti baada ya Macbeth kuuawa mwaka 1057, akauawa naye mwaka uliofuata. Mrudishie Gruoch mwanawe na hadithi nzima inageuka: si tamaa tupu tena, ni mjane mwenye mtoto katika nchi ambayo wenye haki ya kiti huchomwa wangali hai. Tamthilia imemwachia ukatili na kumnyang'anya sababu.

Mpaka hapo watetezi wa malkia wameshinda. Shida yangu inaanza wanapochukua ushindi huo na kuutumia kila mahali, kana kwamba kila damu iliyomwagika ikulu ni uzushi wa mtu.

Tazama jinsi viti hivi vilivyorithiwa. Katika falme ambazo mtoto wa kwanza hurithi moja kwa moja, mama hana kazi kubwa, kalenda imeshaamua. Lakini pale ambapo mfalme ana wake wengi na mwana yeyote anaweza kuchaguliwa, kila mama ni chama cha siasa. Dola ya Osmani ni mfano wa wazi, na watazamaji wetu wameuona vizuri kupitia tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Mwana mmoja hukaa, ndugu zake huuawa. Hurrem, mke wa Sultani Suleiman, alikuwa na wana. Mahidevran, mwanamke mwingine wa Sultani, alikuwa na Mustafa, aliyependwa na askari. Mwaka 1553 Suleiman alimnyonga Mustafa, na lawama ikamwangukia Hurrem. Je, alichochea? Inawezekana kabisa. Lakini angalia kilichotokea baada ya yeye kufariki mwaka 1558: wana wake mwenyewe, Selim na Bayezid, waligeukiana, na Bayezid aliuawa mwaka 1561. Hapakuwa na mama wa kambo wa kulaumiwa safari hii. Utaratibu ulikuwa unakula watoto, awepo Hurrem au asiwepo. Na mwanamke huyo huyo aliweka wakfu jiko la kulisha maskini Yerusalemu ambalo bado linagawa chakula mpaka leo, jambo ambalo tamthilia hupita juu yake haraka sana.

Huku kwetu Maziwa Makuu, kiti cha mama wa mfalme kilikuwa cheo kamili. Buganda, Kabaka huhesabiwa kwenye ukoo wa mama yake, kwa hiyo kila ukoo ulikuwa na matumaini ya kumwona binti yao akizaa mfalme. Namasole, yaani mama wa Kabaka, alikuwa na ikulu yake kwenye kilima chake, maafisa wake na ardhi yake, na kati ya kilima chake na cha mwanawe palitakiwa kuwe na maji yanayopita. Muganzirwazza, mama wa Mutesa I, alipofariki mwaka 1882, mmisionari Alexander Mackay aliitwa amtengenezee majeneza matatu, moja ndani ya jingine. Mama wa kupika na kulea tu hazikwi hivyo.

Rwanda walikwenda mbali zaidi. Mwami hakutawala peke yake. Alitawala pamoja na umugabekazi, yaani mama wa mfalme, naye alipewa jina la enzi lililofuata la mwanawe. Kama mama mzazi wa mfalme amefariki, ilibidi apatikane mwingine wa kukalia kiti hicho. Rutarindwa alikuwa hana mama. Baba yake, Kigeli Rwabugiri, alipomtangaza mwaka 1889 kuwa mtawala mwenza, alimpa Kanjogera awe mama yake wa kiti, ingawa Kanjogera alikuwa na mwana wake wa kumzaa na alitoka Abega, ukoo wenye nguvu na ndugu wenye uchu. Sijaweza kumwelewa Rwabugiri kwa hili. Alijua hatari ya kiti hicho kuliko mtu yeyote, maana mama yake mwenyewe, Murorunkwere, aliuawa katika enzi yake kwa tuhuma za ujauzito. Mama wa kambo wa Rucunshu hakuingia ikulu kwa hila. Aliwekwa na baba.

Sasa turudi kwenye moto ule, kwa sababu hapa ndipo pande zote mbili zinapopimwa. Anayemtetea Kanjogera atasema: alikuwa mama, alimhofia mwanawe. Siukubali utetezi huu, na nadhani unamdhalilisha. Rwabugiri alifariki mwaka 1895 akiwa kwenye msafara wa vita magharibi ya Ziwa Kivu. Julai 1896 jeshi la Rwanda lilipigwa Shangi na askari wa Dola Huru ya Kongo, na Bisangwa, mmoja wa waliotegemewa kumlinda Rutarindwa, akafia huko. Mfalme akabaki mtupu. Kanjogera na kaka zake, Kabare na Ruhinankiko, waliliona pengo hilo wakalitumia. Hayo ni mahesabu ya mtu anayeijua dola. Mwaka 1897, Kapteni Ramsay wa Ujerumani alipofika kumsalimia mfalme, aliletewa mtu mzima aitwaye Mpamarugamba akaambiwa huyu ndiye, huku Musinga akifichwa. Ukoo wake ndio uliopata vyeo, na wapinzani ndio waliokufa. Kumwita mama mwenye huruma iliyopitiliza ni kumpokonya akili aliyokuwa nayo, na ni kuwapokonya watoto wa Rutarindwa haki ya kulaumiwa kwa aliyewaua.

Lakini anayemwita shetani naye ana deni kubwa la kujibu, na deni lake ni la karibu zaidi na sisi. Katika miaka ya kuelekea 1994, wachochezi wa chuki Rwanda walieneza kisa kwamba Kanjogera alipotaka kuinuka alijiegemeza kwenye panga mbili zilizochomekwa katika miili ya watoto wa Kihutu. Ni malkia wa ngano kabisa, amefanywa alama ya Watutsi wote. Ukatili wake halisi uliwaangukia washindani wa ikulu, na wengi wao walikuwa watu wa tabaka lake mwenyewe. Kisa kiliuhamisha ukatili huo kikaupa lengo jipya. Tarehe 20 Aprili 1994, huko Butare, askari walimtoa nyumbani Rosalie Gicanda, mjane wa Mwami Mutara Rudahigwa, bibi kizee aliyekuwa akiishi kimya na mama yake mkongwe. Hakuwahi kuwa na amri yoyote juu ya maisha ya mtu. Wakampiga risasi pamoja na wanawake wa nyumba yake, na siku mbili baadaye mama yake naye akauawa. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani Kapteni Ildephonse Nizeyimana kwa mauaji hayo mwaka 2012. Siwezi kusema kisa cha panga ndicho kilichomuua Gicanda. Nasema aliuawa katika nchi ambayo watu walikuwa wamefundishwa kumwona malkia yeyote kuwa ni yule wa kwenye kisa.

Kuna namna ya tatu ya kumwonea mama wa mfalme, nayo ni ya heshima tele. Katika kisa cha Fumo Liyongo, mama yake anampelekea gerezani mkate wa wishwa wenye tupa ndani, kupitia kijakazi Saada, akijua walinzi watauacha mkate mbaya umfikie mwanawe. Liyongo anapochomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe na kupiga goti kisimani, upinde mkononi, mji mzima unaogopa kuteka maji, na watu wanamwendea mama akambembeleze. Ndiye mwenye akili kuliko wote katika kisa kile, na ndiye pekee anayethubutu kumsogelea. Nampenda sana mama huyu. Ila linganisha: werevu wake ni ule ule wa Kanjogera, wa kujua mlinzi atafikiri nini na mji unaogopa nini. Tunamsifu kwa sababu mwanawe hakupata kiti. Liyongo angeshinda, akaingia Pate na mama yake pembeni, sijui kama kisa kingemwacha hivyo alivyo.

Kwa hiyo mtu akitaka kuandika tamthilia ya Rucunshu, na inastahili kuandikwa kwa Kiswahili, namwomba asianze na chumba cha kulala wala kioo. Aanze na Rwabugiri anayemweka Kanjogera kitini, aonyeshe Abega wanavyopiga hesabu baada ya Shangi, ampe Kanjogera maneno ya mtu anayejua anachokifanya, na asiwafiche watoto waliomo ndani ya nyumba inayoungua. Rwabugiri aliua wengi na vitabu vinamwita shujaa wa vita. Mizani iwe hiyo hiyo kwa wote wawili, ama wote mashujaa wenye damu mikononi, ama wote wauaji.

Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa Musinga wakampeleka Kamembe, na mama yake akafuatana naye. Kanjogera alifia huko mwaka 1933. Kwenye kiti cha umugabekazi wakamkubali Kankazi, mama wa Rudahigwa. Alikuwa na jina la enzi na heshima zote za mila, lakini amri ya nani apewe utawala wa wapi ilikuwa imeshahamia kwenye ofisi za wakoloni. Kankazi hakuachiwa visa vya panga kama mkwewe, kwa kuwa hapakuwa tena na sababu ya mtu kumwogopa.