Pawa fidi ya milingi ndogo: tununue au tujitengenezee?

Chukua kipande cha chuma chenye urefu wa milimita 200, ukifunge kwenye meza ya mashine ndogo ya milingi, ile inayochonga chuma kwa kikata kinachozunguka. Kama skrubu ya meza inasogea milimita 2 kwa kila mzunguko, utazungusha hendeli mara 100 kwa mkato mmoja tu. Hapo katikati utabadili mkono, utafuta jasho, utamjibu mteja aliyesimama mlangoni. Kila ukisita, kikata kinasugua palepale na kuacha alama. Ndiyo maana kwenye karakana zetu za Unga Limited, Arusha, tunakochonga mifereji ya kii (kipande kinachofunga puli isiteleze) kwenye shafti za mashine za kusaga na za kumenya kahawa, mjadala wa pawa fidi, yaani mota ya kusukuma meza, hauishi.

Wanaotetea kununua wana hoja nzito. Pawa fidi ya kiwandani huja na kirungu kimoja cha kwenda kushoto na kulia, kitufe cha mwendo wa haraka, swichi ya kuzima meza inapofika mwisho, na klachi ya kuunganisha na kutenganisha mota na skrubu. Kazi ya kupima na kukosea imeshafanywa na mwingine. Mwenye oda za kila siku hana wiki mbili za kuchezea waya.

Ila nyingi zimeundwa kwa ajili ya mashine kubwa za aina ya Bridgeport, na baadhi zinataka volti 110 wakati umeme wetu ni 230. Ongeza nauli, ushuru na VAT ya asilimia 18. Kisha, ikifika, bado utachonga breketi na bushi ili ikae kwenye milingi yako ndogo. Aliyenunua naye anajikuta ametengeneza nusu.

Wanaojitengenezea wengi huanza na mota ya waipa ya gari la Kijapani. Ndani yake tayari kuna gia ya minyoo (skrubu inayozungusha gia), ina nguvu, na mwendo wake unakaribia tunaoutaka. Piga hesabu: kikata cha meno 4 kinachozunguka mara 1,000 kwa dakika, kila jino likila milimita 0.03, kinataka meza isogee milimita 120 kwa dakika. Kwa skrubu yetu hiyo ni mizunguko 60, na mota ya waipa inafika hapo bila kulazimishwa. Kidhibiti mwendo kidogo cha volti 12 kinamalizia.

Matatizo yake si ya kufumbia macho. Mota nyingi za waipa zimeunganisha brashi moja na bodi, yaani ganda la mota, kwa hiyo ukigeuza waya ili meza irudi, bodi lenyewe linapata umeme na kupiga shoti kwenye mashine, lazima uitenge. Gia ya minyoo nayo haigeuzwi kutoka upande wa pili: bila klachi, hendeli yako imefungwa. Na klachi ikishika, hendeli inazunguka yenyewe, tayari kunasa mkono wa shati.

Linaloniumiza zaidi ni betri. Wengi wetu huwasha mota ya waipa kwa betri ya gari kwa sababu ipo. Nami nilifanya hivyo. Umeme ukakatika katikati ya mkato: spindo, yaani mhimili unaozungusha kikata, ikasimama, meza ikaendelea kusukuma. Kikata cha milimita 10 kikavunjika na shafti ya mteja ikaharibika. Pawa fidi isiyojua kwamba spindo imesimama haifai kuwekwa kwenye mashine, hata kama imechongwa vizuri namna gani.

Hata hivyo, kwa milingi ndogo bado nasema tutengeneze. Sioni aibu yoyote katika mji wenye TEMDO, taasisi ya umma iliyowekwa hasa ili mitambo ibuniwe hapa nchini. Mwenye mashine kubwa na kazi za kutwa anunue, ikiwa atapata ya volti 230 inayokaa. Sisi wengine tuiache betri garini. Mota ipate umeme wake baada ya kontakta (swichi inayovutwa na umeme) ileile ya spindo, kontakta isiyojiwasha umeme unaporudi, na swichi za mwisho wa meza zifungwe kabla ya mkato wa kwanza. Nimeibadilisha yangu hivyo. Sasa TANESCO wakikata, meza na spindo vinasimama pamoja, na haviondoki mpaka nibonyeze mimi.