Kwani Mnyama ni Mpaka Awe na Kiingilio?

Wiki hii keateka alituma ujumbe kwenye grupu ya ploti yetu hapa Migosi, Kisumu: mti wa karibu na geti utakatwa, ndege wanachafua magari. Makofi yakamiminika. Mmoja akaandika "Asante sana, tumeteseka vya kutosha." Hata saa haikuisha, huyo huyo aliyeteseka akatuma tangazo la safari ya Pasaka: twendeni Nakuru tukaone vifaru na heroe, jiandikisheni mapema, nafasi ni chache.

(Heroe wenyewe, kwa taarifa yenu, wengi walihama. Maji ya Ziwa Nakuru yalifura, magadi yakazimuliwa, mwani wanaoula ukapungua, wakaenda zao Bogoria. Lakini nendeni tu.)

Mti unaohukumiwa ni siala, na washtakiwa ni minana, wale wa manjano wenye kichwa cheusi, osogo kwa wenyeji. Nataka kuuliza watu wa grupu: kuna aliyewahi kuinua macho? Dume hutua kwenye jani la nepia nyuma ya ukuta, anauma ukingo wake, kisha anaruka, na jani linachanika likimfuata hadi anabaki na uzi mrefu wa kijani mdomoni. Tawini anaanza kwa kufunga pete. Anasimama ndani ya hiyo pete, miguu haihami, anasuka huku na huku mpaka pale mdomo unapofika, na ndiyo maana kiota kinamtosha. Kikiisha, ananing'inia chini ya mlango, kichwa chini, anatikisa mabawa na kupiga kelele ya kuita mke. Jike anakuja, anaingia, anavutavuta nyuzi kukagua kazi. Asiporidhika anaondoka. Kiota kikikaa mpaka kikakauka na kuwa cha kahawia bila kupata mwenyewe, dume anakibomoa kwa mdomo ule ule na kuanza kingine. Hakuna kudai malipo ya awali, hakuna "boss, nitakuja kesho". Mafundi waliotengeneza paa langu wangekuwa na robo ya adabu hiyo, nisingekuwa naweka sufuria sebuleni mvua ikinyesha.

Haya, mavi. Jua la Februari likiyakausha kwenye kioo, maji peke yake hayayatoi. Nakubali, nami pia naegesha pale. Lakini upande wa pili wa ploti kuna nafasi tupu kando ya ukuta, hatua chache tu, na hakuna anayeitumia kwa sababu iko mbali kidogo na ngazi. Tunataka kuangusha mti ili mtu asitembee! Halafu joto likizidi, tuulizane kivuli kilienda wapi.

Korongo nao, wale wenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni, tunawaita wachafu. Miguu yao myeupe vile si rangi. Ni mavi, wanajinyea kwa makusudi ili unyevu ukikauka wapoe. Ukipita mtaa wa Obunga penye mgongo wazi, yale mifupa ya samaki waliotolewa minofu, ujiulize mabaki ya samaki yangekuwa wapi kama hawa wazee wasingekuwa kazini tangu alfajiri bila mshahara wa kaunti. Tumbili wa Milimani wanaobeba mkate mezani siwatetei. Wale ni wezi.

Na sami, wale wadudu wadogo wa ziwani! Wingu lao likipanda kutoka ziwani, kila mtu anafunga dirisha na kulaani. Sawa, ukipanua mdomo unawameza. Lakini funza wao huko majini ndio wanaoliwa na omena, omena hizo hizo tunazosukumana kununua soko la Kibuye. Na mbayuwayu waliojipanga kwenye nyaya za stima sasa hivi, ambao wengi wao mwezi wa nne watakuwa njiani kurudi Ulaya, wananenepa kwa wadudu wa aina hiyo hiyo. Mzungu wa kule anawasubiri kwa hamu kiangazi chake kianze. Sisi tunao miezi chungu nzima na hatujui hata walifika lini.

Dani yangu, yaani nyanya, kule Ugenya hakuwahi kuingia hifadhi yoyote. Ila alijua kichuguu kipi kitatoa kumbikumbi, na alituketisha watoto pale tugonge mikebe polepole ili wadhani ni mvua. Walitoka mchana kweupe. Tuliwala wengine wakiwa bado na mabawa, tukapigwa makofi kwa sababu walikuwa wa kukaanga.

Mtoto wa jirani, gredi ya tatu, alipewa kazi juzi: chora mnyama anayeishi karibu na kwenu. Kachora simba. Nikamuuliza huyo simba alimwona wapi hapa Migosi. "Kwa kalenda," akaniambia, na akanionyesha tiki ya mwalimu, nyekundu, kubwa.