Kimita Changu Kinahesabu Hewa

Mashine yangu ya kukerezea vyuma hapa Mwanga, Kigoma, ina umri mkubwa kuliko ndoa yangu, na haikuwahi kunijibu ovyo. Ovyo nimeileta mwenyewe, siku niliyoifungia kimita cha kuhesabu mizunguko.

Kitu chenyewe kinaenea kiganjani. Unabandika sumaku kwenye sehemu inayozunguka, unaweka kihisi pembeni. Sumaku ikipita, kimoja. Nikawasha: 420 kwa dakika. Safi! Nikazima. Kikaandika 3,170. Mashine imelala fofofo! Mteja wangu, mzee wa boti kutoka Kibirizi, akaniuliza kama nimefunga mita ya maji.

Nikamwita kijana anayetengeneza redio. Akachungulia nyuma ya mashine, akacheka peke yake.

"Mzee, nani kazifunga hizi waya pamoja?"

Mimi! Tena kwa fahari. Waya wa mota wa volti 230 na kiwaya cha kihisi nimevilaza bega kwa bega, nimevibana kila baada ya inchi sita, vimenyooka utadhani vinasubiri kupigwa picha. Kumbe unadhifu ndio ugonjwa. Kila kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha na kuzima mota, inapokata umeme, koili yake inatema mshtuko, mshtuko unadandia kiwaya cha jirani, kimita kinadhani sumaku imepita.

Basi nikavitenganisha. Nikanunua waya uliovikwa wavu wa chuma, kijana akasema wavu niuunganishe na eathi upande mmoja tu. Upande mmoja? Na nimelipia waya mzima? Alipoondoka nikaunganisha pande zote mbili. Kimita kikapandisha mashetani. Eathi za huku na kule hazilingani, bwana, umeme ukapata barabara ya kutembelea ndani ya wavu wangu.

Nikakata upande mmoja, kimyakimya. Kijana akarudi, akapachika rezista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1, ile inayostahimili umeme mkubwa, zikafuatana kuvuka koili ya kontakta, zimeze ule mshtuko. Vifaa bei yake haifiki sahani ya dagaa. Ufundi wake ulifika mgebuka mzima na ugali.

Kikatulia kutwa. Jioni nimezima kila kitu, nafagia vyuma, nainua macho: 96.

Jirani yangu wa mageti alikuwa anachomelea. Ule waya wake wa kurudisha umeme kaubana kwenye nguzo ya chuma ya banda, nguzo yetu sote, na mashine yangu imeegemea hapo hapo. Nikamfuata.

"Sasa unataka nichomelee kwa mshumaa?"

Tumezozana mpaka magharibi. Mwishowe akaubana kwenye geti lenyewe analochomelea, huku akilalamika kwamba siku hizi nimekuwa mtu wa kompyuta.

Jana nimemkerezea mzee wa Kibirizi shafti yake, macho kodo kwenye kimita. 420. 420. 420. Hakitikisiki! Nilitamani watu waje kuona.

Mzee akatoa futi yake mfukoni, akapima, akapima tena.

"Fundi, mizunguko imetimia. Shafti imepungua nusu inchi."