Msimu ujao sitaki kombe, nataka Machi

Kila dirisha la usajili likifunguliwa mdogo wangu hunitumia orodha. Straika mmoja, kiungo mkabaji, beki wa kushoto, na kipa wa kumkalisha benchi huyu tuliye naye. Mwaka huu orodha imekuja na majina tisa. Tisa! Nikamuuliza tulio nao tunawapeleka wapi, akanijibu, "Kaka, ndiyo maana wewe mpira haukufurahishi."

Timu yetu siitaji. Wanaonijua wanaijua, wasionijua wakiijua watanicheka. Itoshe kusema msimu uliopita ulitufia mapema. Januari inaisha, vikombe vyote viwili tumeshatolewa, ubingwa ni habari ya watu wengine, na kushuka daraja hatushuki. Tumekaa nafasi ya kumi na moja, tumetulia kama maji ya mtungini. Watu hudhani mkiani ndiko kubaya. Mimi nasema katikati ni kubaya zaidi. Wa mkiani angalau Jumamosi ana sababu ya kupiga hesabu: fulani akifungwa, sisi tukitoa sare, tunatoka kwenye mstari mwekundu. Sisi hatukuwa na hesabu yoyote ya kupiga. Kuna mechi moja ya Aprili nilisinzia kwenye kochi, nikashtuliwa na kelele za bao, nikauliza nani kafunga. Mdogo wangu, aliyekuwa macho muda wote, naye hakuwa na uhakika.

Kwa hiyo safari hii nina ombi moja tu. Ifike Machi tukiwa bado tunagombania kitu. Nafasi ya kucheza Ulaya, nusu fainali ya kombe, hata kubaki kwenye ligi ikibidi. Chochote, mradi matokeo yaniume.

Najua nitaambiwa nimekata tamaa, kwamba shabiki wa kweli huomba ubingwa. Sawa, tuwatazame Leicester City, maana kila mwaka hao ndio hutolewa mfano na watu wa "lolote linawezekana". Mwanzoni mwa Aprili 2015 walikuwa wanaburuza mkia wa Ligi Kuu ya Uingereza, kisha wakashinda mechi saba kati ya tisa za mwisho na kumaliza wa 14. Msimu uliofuata akaja kocha Claudio Ranieri, na wimbo wake ulikuwa pointi 40, yaani zile za kutoshuka. Kamari zilikuwa zinawapa nafasi moja kwa 5,000. Wakachukua ubingwa kwa pointi 81, wamepoteza mechi tatu tu. Kinachosahaulika ni kwamba shabiki wa Leicester alikuwa na Machi mbili mfululizo za kukosa usingizi, moja ya kuzama na moja ya kupaa. Ile ya kwanza hakuna anayeitengenezea filamu, lakini muulize aliyekuwepo kama aliisinzia.

Na hapo hapo kuna dawa ya ugonjwa wa orodha. Watazame nguzo za ubingwa ule wa Leicester. Kiungo N'Golo Kanté alitokea Caen ya Ufaransa kiangazi cha 2015. Riyad Mahrez walimtoa Le Havre, ligi daraja la pili Ufaransa. Jamie Vardy alikuwa Fleetwood Town, nje kabisa ya madaraja manne ya juu. Nani kati yetu angewaandika hao kwenye orodha yake ya Juni? Sisi huandika majina tuliyoyaona yakifunga kwenye mashindano makubwa, ambayo kila klabu imeyaona pia, ndiyo maana bei zake hazishikiki. Kazi ya kumwona Kanté ni ya watu wanaolipwa kukaa kwenye viwanja baridi na daftari. Ombi langu la usajili, kama lazima niwe nalo, ni kwamba watu hao wasikilizwe kuliko mimi na mdogo wangu.

Halafu kombe lenyewe lina mambo yake. Msimu wa 2018/19 Liverpool walikusanya pointi 97 na kupoteza mechi moja tu ya ligi. Wakawa wa pili. Manchester City walikuwa na 98. Ile mechi moja waliyopoteza ilikuwa dhidi ya hao hao City, tarehe 3 Januari 2019, na kabla bao lolote halijaingia kuna mpira beki wa City, John Stones, aliuondoa mstarini ukiwa umebakiza kama sentimita moja kuvuka wote. Upana wa kucha ya kidole. Sasa wewe unayeomba ubingwa, unaomba nini hasa? Nusu ya unachoomba ni sentimita hiyo, na haimo mikononi mwa kocha wala mwenye timu. Mwaka uliofuata Liverpool wakaupata, wa kwanza baada ya miaka 30, wakanyanyua kombe uwanjani kwao Anfield ukiwa mtupu kwa sababu ya korona. Waliousubiri tangu 1990 waliangalia sebuleni.

Yale yaliyo mikononi mwetu ndiyo nayaomba kwa undani, na ni madogo kiasi cha kuaibisha. Naomba beki wa kulia wa kweli. Wetu aliumia Oktoba, na hadi mwisho wa msimu nafasi yake ikachezwa na kiungo ambaye kila akipanda anasahau njia ya kurudi. Naomba tujifunze kulinda kona. Ukikaa ukatazama mabao tuliyofungwa utaona yanafanana mno: kona inapigwa, mabeki wetu watatu wanauangalia mpira, na mtu wao anaruka peke yake nguzo ya pili kama yuko mazoezini. Mara ngapi tumeongoza hadi dakika ya themanini na kitu tukaondoka na sare? Sare mbili za namna hiyo ni pointi nne zimeenda, na katikati ya msimamo pointi nne ni nafasi tatu au nne. Sihitaji straika wa dunia kuzirudisha. Nahitaji mtu mmoja asimame nguzo ya pili.

Naomba pia tusidanganyane na mechi za kirafiki. Juzi tumeshinda sita bila, na simu yangu haijapumzika tangu hapo. Wapinzani walibadilisha wachezaji wote mapumzikoni! Bao la nne kipa alikuwa bado anafunga glavu.

Ila yule kijana wa akademi aliyeingia dakika ya 60, huyo nimemwona. Hakufunga. Alipoteza mpira, akakimbia mita arobaini kuufuata, akaupata. Sita bila, mechi ya kirafiki, na bado alikimbia. Naomba apewe dakika, na akikosea mara ya kwanza uwanja usimzomee.

Jana usiku nilimwandikia mdogo wangu kwamba nimemaliza orodha yangu, ina mstari mmoja: Machi, bado tupo.

Akasoma. Akakaa kimya kama dakika mbili hivi.

"Na straika je?"

Nikamwandikia: na straika.